Nyota Ndogo Yenye Uzito wa Jua

Mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa huamka saa kumi alfajiri, au saa kumi na moja akichelewa, na kabla hajafika bomani huwa amekwisha kuiona mbingu kuliko watu wengi wa mjini wanavyoiona kwa mwaka mzima. Basi iko nyota moja ambayo bila shaka ameiona, hata kama hajui jina lake. Ukiacha sayari, ndiyo nyota ing'aayo kupita nyota zote za usiku. Kuanzia Agosti mpaka Novemba huonekana wakati wa kukamua; mwanzo wa Januari huchomoza mashariki jua likichwa; na mwanzo wa Machi, kama saa mbili na nusu usiku, huwa juu sana, kusini kidogo ya utosi. Wataalamu huiita Sirius. Waarabu huiita Shi'ra.

Asiye na hakika na atafute kwanza zile nyota tatu zilizopangika karibu karibu katika mstari ulionyooka. Fuata mstari huo kuelekea kusini-mashariki, nyosha mkono, pima shubiri moja mbinguni, na hapo utaikuta. Nuru utakayoiona usiku huo iliondoka huko zaidi ya miaka minane na nusu iliyopita, yaani siku zile mtoto wako aliye darasa la tatu alipokuwa mchanga. Kwa kilomita, umbali huo ni milioni milioni 81. Na pamoja na hayo Sirius ni miongoni mwa nyota zilizo jirani zetu kabisa.

Lakini makala haya hayahusu nyota hiyo kubwa. Yahusu nyingine iliyo ubavuni mwake, ambayo jicho tupu haliwezi kuiona kamwe, maana imemezwa na mng'ao wa mwenzake. Huitwa Sirius B. Ni nyota hafifu, rangi yake ni nyeupe yenye ubuluu, na nuru yake tuionayo ni kama sehemu moja tu katika 10,000 ya nuru ya Sirius yenyewe. Ukubwa wake haufiki hata ukubwa wa Dunia hii tunayoilima. Uzito wake, hata hivyo, ni sawa na uzito wa Jua.

Msomaji atauliza: ni nani aliyekwenda kuipima, na kwa mizani gani? Swali hili ni la haki, na majibu yake yafaa kuelezwa kwa taratibu, kwa sababu hata wataalamu wenyewe hesabu hii iliwashinda kuiamini kwa miaka mingi.

MSTARI ULIOPINDA

Nyota zote husafiri angani. Kwetu zaonekana kama zimesimama kwa kuwa ziko mbali sana, lakini mtu akiandika mahali nyota ilipo, na mwingine akaandika tena baada ya miaka mingi, tofauti ndogo huonekana. Nyota iliyo peke yake husafiri kwa kunyooka. Mwaka 1844 mtaalamu Mjerumani, Friedrich Wilhelm Bessel, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazama nyota mjini Königsberg (mji ambao leo ni Kaliningrad, nchini Urusi), alitangaza ya kwamba njia ya Sirius haikunyooka. Ilikwenda ikiyumba, mara upande huu, mara upande huu.

Kila aliyelima kwa maksai anajua maana ya jambo hilo. Ukikuta mstari wa plau umepinda kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, huhitaji kumwona maksai aliyefanya hivyo ili ujue kwamba mmoja wao alikuwa akivuta upande. Bessel alisema Sirius inavutwa na mwenzake asiyeonekana, tena mwenzake mzito. Alikufa mwaka 1846 bila mtu yeyote kumwona huyo mwenzake. Miaka mitano baadaye hesabu zilionyesha kwamba wawili hao huzungukana mara moja kwa muda wa miaka 50 hivi.

Aliyeiona kwa macho hakuwa akiitafuta. Huko Marekani, Cambridgeport katika jimbo la Massachusetts, mzee Alvan Clark na wanawe walikuwa mafundi wa vioo vya darubini. Walikuwa wamemaliza kioo kipana cha inchi 18 na nusu, kilichoagizwa na Chuo Kikuu cha Mississippi. Kioo hicho hakikufika kule kilikoagizwa, kwa kuwa vita baina ya majimbo ya kaskazini na ya kusini vilikuwa vimekwisha kuanza mwaka uliotangulia. Baadaye kikauzwa Chicago. Usiku wa tarehe 31 Januari 1862 mwanawe, Alvan Graham Clark, alikuwa akikijaribu kioo hicho kwa kuielekeza darubini kwenye nyota yenye kung'aa kupita zote. Pembeni mwa mng'ao wake akaona nukta ndogo ya nuru. Ilikuwa palepale hesabu ziliposema iwe.

MIZANI YA MZEGAZEGA

Watu wa pwani wana mti wa kuchukulia mizigo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, uitwao mzegazega. Mizigo ikiwa sawa, bega hukaa katikati ya mti. Mzigo mmoja ukiwa mzito mara mbili ya mwingine, mchukuzi husogeza bega upande wa ule mzito, mpaka umbali wa upande huo uwe nusu ya umbali wa upande wa pili. Anayemtazama kwa mbali aweza kujua mzigo upi ni mzito, na kwa kiasi gani, kwa kutazama tu bega lilipo.

Nyota mbili zinazozungukana hufanya vivyo hivyo. Kila moja huzunguka kituo kimoja kilicho baina yao, na ile nzito hukaa karibu na kituo hicho. Sirius huyumba kidogo, mwenzake huyumba sana, karibu mara mbili. Kwa hiyo Sirius ni nzito karibu mara mbili ya mwenzake.

Hilo latuambia mgawanyo tu, si jumla. Jumla hupatikana kwa njia nyingine. Kadiri uvutano unavyokuwa na nguvu ndivyo vitu vinavyozungukana vinavyolazimika kwenda mbio. Twajua Dunia yetu iko umbali gani na Jua, na ya kuwa huchukua mwaka mmoja kulizunguka. Kwa kulinganisha na hayo, umbali baina ya nyota hizi mbili pamoja na muda wao wa miaka 50 watuonyesha kwamba kwa pamoja zina uzito wa Majua matatu na zaidi kidogo. Sirius ina mawili, na mwenzake ana moja. Katika hayo hakuna kubahatisha. Yeyote mwenye kumbukumbu za mahali nyota zilipokuwa mwaka hata mwaka aweza kuirudia hesabu hiyo.

Mpaka hapo hakuna aliyeshangaa sana. Watu walidhani Sirius B ni nyota iliyopoa, nyekundu au ya manjano, yenye kufifia kama makaa yanayokaribia kuwa majivu. Mambo yaliharibika mwaka 1915.

GUNIA KWA EKA

Mhunzi hahitaji kipima joto. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Kingeweza kupashwa moto zaidi bila kuyeyuka na kuwa mvuke, weupe wake ungeingia ubuluu. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Jua letu, lenye joto la digrii 5,500 usoni, ni la wastani. Sirius ni nyeupe, digrii 9,700 hivi. Mwaka 1915 Walter Adams, katika kituo cha Mount Wilson, California, alifaulu kuipata nuru ya Sirius B na kuichambua. Akaikuta si nyekundu hata kidogo. Ilikuwa nyeupe. Vipimo vya siku hizi vyaonyesha kwamba uso wake una digrii 25,000 hivi.

Kwa nini jambo hili liwe la kutisha? Fikiri habari ya mavuno. Bwana Shamba anajua ya kwamba mbegu fulani, katika udongo fulani, hutoa gunia 20 kwa eka. Wewe umeleta ghalani gunia 10. Bila kufika shambani kwako, aweza kukuambia kwamba ulipanda nusu eka. Akijua mavuno ya eka moja, na akijua jumla, ukubwa wa shamba haufichiki.

Nuru ndiyo mavuno ya nyota, na uso wake ndio shamba. Kitu chenye joto la digrii 25,000 hutoa, kwa kila eka ya uso wake, nuru na joto zaidi ya mara 300 kuliko eka moja ya uso wa Jua. Kwa mavuno ya namna hiyo ungetazamia ghala lifurike. Lakini jumla yote itokayo Sirius B ni kama sehemu moja tu katika 40 ya ile itokayo katika Jua. Basi shamba lenyewe lazima liwe dogo mno. Fanya hesabu, na utakuta kwamba upana wa nyota hii ni chini ya sehemu moja katika 100 ya upana wa Jua: kilomita 12,000 hivi, ukizidi kidogo tu chini. Upana wa Dunia ni kilomita 12,742.

Sasa weka mambo mawili hayo pamoja. Mzegazega wasema uzito ni wa Jua zima. Gunia na eka zasema ukubwa haupiti wa Dunia. Uzito wa Jua ni sawa na uzito wa Dunia 330,000 na zaidi. Na zote zimeshindiliwa mahali pa Dunia moja.

Kijiko kimoja cha chai cha vitu vilivyomo katika nyota hiyo, kwa wastani, kingekuwa na tani 12. Punje moja ya ukubwa wa punje ya mahindi ingekuwa na uzito wa gunia saba za mahindi makavu, kila gunia kilo 90. Debe moja lisingeweza kuchukuliwa na malori yote ya wilaya. Tena uvutano wa pale usoni ni mara 400,000 kuliko wetu, hata mtoto mwenye kilo 20 angelemewa na tani 8,000.

Hesabu za mwaka 1915 zilikuwa ndogo kuliko hizi, kwa sababu joto la nyota hiyo lilikuwa halijapimwa sawasawa, lakini hata hizo zilionyesha uzito wa zaidi ya mara 50,000 kuliko maji. Wengi waliona ni upuuzi, wakaiweka habari hiyo kando. Risasi yenyewe ni nzito mara 11 tu kuliko maji, na dhahabu mara 19. Kitu cha mara 50,000 kitoke wapi?

Aliyekataa kuiweka kando alikuwa Mwingereza, Arthur Eddington. Mwaka 1924 alisema hesabu na zikubaliwe kama zilivyo, na akaonyesha njia ya kuzihakikisha. Nuru inayopanda kutoka mahali penye uvutano mkali sana hupoteza nguvu kidogo na rangi yake huelekea wekundu. Hayo yalitoka katika mafundisho ya Einstein. Adams akapima mwaka 1925 na kuiona dalili hiyo, ingawa kipimo chake kilikuwa kidogo mno, kwa kuwa nuru ya Sirius kubwa ilikuwa imechanganyika na ya mwenzake. Kipimo safi kilitangazwa mwaka 2005, baada ya darubini ya Hubble, iliyo juu ya hewa yetu, kuitenga nuru ya nyota ndogo. Jibu lilikuwa lilelile: uzito wa Jua moja.

KWA NINI HAIPORI NDANI KABISA

Kila kitu tukishikacho, udongo, jembe au punje ya mahindi, kimefanywa kwa atomu, nazo si madonge yaliyojaa. Katikati ya atomu mna kiini chenye karibu uzito wote. Mbali kidogo ziko elektroni. Kwingine kote ni nafasi tupu. Kama kiini kingekuwa punje ya mtama katikati ya uwanja wa mpira, elektroni zingekuwa huko mipakani. Yaani hata mwamba mgumu ni kama lori lililojaa mahindi yasiyopukuchuliwa: lori limejaa, lakini chakula ni kidogo. Katika Sirius B atomu zimepondeka kwa joto na uzito, nafasi zile zimekwisha, na viini na elektroni zimesongamana pamoja.

Basi kwa nini nyota isiendelee kuporomoka ndani? Mwaka 1926 R. H. Fowler wa Cambridge alitoa jibu. Elektroni hazikubali mbili kuwa mahali pamoja kwa mwendo mmoja. Ukizibana katika nafasi ndogo, huongeza mbio, na mbio hizo husukuma nje. Nguvu hiyo haihitaji kuni wala moto; hata nyota ikipoa kabisa, itabaki. Nyota za namna hii, ambazo siku hizi zajulikana kwa maelfu, huitwa vibete vyeupe, na zina tabia moja ya kushangaza: kibete kikiwa kizito zaidi, huwa kidogo zaidi, si kikubwa zaidi.

Mwaka 1930 kijana wa Kihindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli kwenda kusoma Cambridge. Njiani alikaa na karatasi zake akafanya hesabu. Akaona kwamba uzito ukizidi, elektroni hukaribia mwendo wa nuru yenyewe, ambao hakuna kinachoweza kuupita, na hapo msukumo wao hautoshi tena. Upo mpaka. Nyota iliyokwisha kuni zake, ikiwa na uzito unaozidi kama Jua moja na sehemu nne za kumi, haiwezi kusimama kama kibete cheupe, lazima iporomoke.

Mwezi wa Januari 1935 alisoma hesabu zake mbele ya mkutano wa wataalamu mjini London. Eddington alisimama baada yake, akazifanyia mzaha, na watu wakacheka. Eddington alikuwa mtu mkubwa. Chandrasekhar alikuwa kijana wa miaka 24 kutoka nchi iliyotawaliwa. Baadhi ya wanasayansi wakubwa walijua kwamba kijana ana haki, na faraghani walikiri hivyo, lakini hawakusimama hadharani. Hilo ndilo jambo baya kuliko ule mzaha. Naye Eddington, ambaye alikuwa tayari kuiamini hesabu ya ajabu ya mwaka 1915 wakati wengine walipoikataa, alishindwa kuiamini hatua iliyofuata ya hesabu hiyohiyo. Chandrasekhar alihamia Marekani, akaandika yote katika kitabu mwaka 1939, akashika kazi nyingine. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1983. Mpaka wake leo hufundishwa kila mahali panapofundishwa elimu ya nyota.

ILITOKA WAPI

Sirius B haikuzaliwa hivi. Mwanzoni ndiyo iliyokuwa nzito katika wawili hao, kama Majua matano. Nyota huwaka kwa kuunganisha viini vya haidrojeni, si kwa kuchoma kama kuni. Na nyota nzito humaliza akiba yake upesi sana kuliko nyepesi. Hii ilipomaliza yake ilivimba, ikawa nyekundu na kubwa mno, ikapeperusha sehemu zake za nje angani, kikabaki kiini chake tu, ambacho kwa sehemu kubwa ni kaboni na oksijeni. Hayo yalipita zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Tangu hapo haiwashi kitu. Joto lake ni joto la akiba, kama la mafiga baada ya kuni kuondolewa, isipokuwa mafiga haya yatachukua maelfu ya mamilioni ya miaka kupoa. Jua letu pia, baada ya miaka kama milioni elfu tano, litapita njia hiyohiyo ya kuvimba na kubaki kibete; lakini hilo si la kuingizwa katika mipango ya shamba.

Kuna wanaouliza kama nyota hii ina uhusiano na mvua. Wakulima wa Misri ya kale walingoja Sirius itokeze tena alfajiri, maana ilitokeza karibu na siku za mto Nile kufurika na kunywesha mashamba. Waliitumia kama kalenda, nao walifanya vema, kama vile wazee wetu wengi walivyokitazama Kilimia. Mafuriko yenyewe yalitokana na mvua za milima ya Uhabeshi. Nyota haileti mvua wala haizuii, na kwa habari za kupanda sikiliza utabiri wa hali ya hewa.

Anayetaka kuiona Sirius B kwa macho yake atahitaji darubini nzuri, usiku wenye hewa tulivu, na subira. Shule au chama chenye darubini chaweza kujaribu Sirius ikiwa juu, Februari au Machi, si ikiwa karibu na upeo ambako hewa huitikisa. Tena wakati ni muhimu. Njia ya nyota hizi si duara kamili: huja karibu mpaka umbali wa mara 8 ule wa Dunia na Jua, kisha hutengana mpaka mara 31. Mwaka 1994 zilikuwa karibu kabisa, na ndogo ilikuwa vigumu mno kuonekana. Kisha zikaachana kwa muda mrefu, na miaka hii bado zimeachana vya kutosha, lakini zimekwisha kuanza kurudiana, na karibu na mwaka 2044 nyota ndogo itapotea tena katika mng'ao wa mwenzake.